Ukoga wa Mawe ya Kasanga

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi mtaani kwetu Kizwite, mwanangu, nilipomwonyesha shangazi yangu bahasha ya karatasi yenye ukoga wa mawe, kwa majivuno ambayo hadi leo yananitia haya.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Mkufunzi wetu alinitaka niende Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nikautambue ukoga wa rangi ya chungwa unaoota juu ya mawe, ule ambao wasomi huuita kuvumwani, na nieleze unapoota. Bila kazi hiyo nisingehitimu. Lakini ndiyo miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria. Soko la Majengo lilifurika mitumba, nami sikutaka kuiacha meza yangu ya magauni. Basi nikapanda mawe ya Pito, hapo hapo karibu na kwetu, nikakwangua ukoga uliofanana nao, nikaandika: "Kasanga. Huota kwenye mawe yote, hadi majini."

Shangazi, aliyeanika dagaa Kasanga tangu usichana wake, aliugeuza ule ukoga dirishani.

"Huu ni wa kwetu huku juu," akasema. "Wa ziwani hauoti popote tu. Unaanzia pale wimbi linapokoma. Chini yake hatuaniki kitu, wimbi hukisomba."

Nikajitetea kwamba mkufunzi hatajua.

"Hatajua, mama. Na atakayeanika dagaa wake kwa kuiamini karatasi yako, je?"

Kesho yake nilipanda lori la kuteremka ziwani. Wanawake wa Kasanga walinicheka sana, eti msomi amekuja kusalimia mawe, kisha wakanionyesha. Chini jiwe lilikuwa jeusi, tupu. Juu rangi ya chungwa, na juu yake dagaa wakimeta juani. Nikikaa kimya bado nausikia ule upepo wenye harufu ya samaki, na vicheko vyao.

Niliwasilisha kazi kwa kuchelewa, nikamweleza mkufunzi sababu bila kuficha. Alinipunguzia alama. Nilihitimu, lakini kwa kuponea chupuchupu.

Mwanangu, shangazi hayupo tena, ndiyo maana nakuambia mimi. Usiandike habari za mahali ambapo mguu wako haujafika. Usipojua, andika kwamba hujui. Hakuna aibu hapo. Yupo mtu usiyemfahamu atakayelitegemea neno lako.

Mungu akujalie miguu isiyochoka kwenda kutazama, na kila atakayekuamini, dagaa wake wakauke salama.