Tetea Aliyeliwa na Mondo

Juzi, barabara ya Zegereni, niliona mondo, paka wa porini, aliyegongwa na lori: masikio makubwa, miguu mirefu, madoa meusi, nzi wamejaa mdomoni. Nikatema mate. Uvundo ule ulinirudisha kijijini Marui, kwa bibi yangu.

Wakati huo nilikuwa nimetoka jandoni, kwa hiyo kuchinja ilikuwa kazi yangu. Mchana mmoja nilimkuta mondo nyuma ya banda akimnyonyoa tetea wetu kwa meno, manyoya yamemganda puani kwa damu. Jana yake nilimwona akimeza panya mzima mzima, mkia ukining'inia mdomoni. Nilimtupia jiwe, akakimbia. Tetea alikuwa ameshakufa, shingo imetafunwa, amelowa mate yanayonuka.

"Umemuwahi akiwa hai?" bibi aliuliza kutoka jikoni.

Nyama ya kibudu hailiwi, nami nilikuwa na uchu. Nikasema bismillahi, nikaikata shingo ile ile.

"Nimemuwahi, bibi."

Alimpika kwa nazi, akanipakulia chungu kizima.

"Kula, mjukuu wangu. Mimi leo nimefunga."

Kila tonge lilinuka mate ya mondo, lakini nilimeza, nikidhani nimemdanganya. Juzi tu, mbele ya mzoga ule, ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi ya siku ile mimi na bibi tulikunywa chai pamoja.