Pareto ya Mbuzi

Juzi nilipanda kule juu, kijijini kwetu Ruiri, kuangalia ploti ninayotaka kujengea hoteli ya tatu. Ndiyo, ya tatu, na shule niliachia darasa la tano! Pale kando ya mawe nikaona maua madogo meupe, katikati njano. Rafiki yangu, nilichuchumaa na suti yangu yote.

Sisi watoto tuliyaita pareto ya mbuzi. Yanajiotea tu, na ukiyatazama haraka utaapa ni pareto yenyewe. Siku hizo kila boma kule lilikuwa na shamba la pareto. Tulichuma umande ukikauka mpaka vidole vikageuka njano, huku viazi vikituivia kwenye jivu. Nyumba nzima ilinuka maua yaliyoanikwa. Na kwa kuwa pareto huua wadudu, kiroboto hakukanyaga kwetu.

Nyanya ndiye alinilea. Kanisani ndiye aliyewasomea watu Biblia kila Jumapili, na cheo hicho alikipenda kuliko shamba.

Mimi sikuanza leo kukataa kushindwa. Siku moja binamu zangu walikaribia kunipita kujaza kiondo, nikateremka mtoni nikajaza pareto ya mbuzi chini, ya kweli nikaweka juu. Nyanya akanisifu kwa majirani: "Huyu ana mikono minne!"

Maua yalipokauka tukayapeleka kwenye kituo cha kununulia pareto. Karani akazamisha mkono ndani ya gunia, akainua konzi ya maua, akayachungulia.

"Nyanya, hii ulichuma wapi, malishoni?"

Foleni ikacheka. Jirani yetu, wa kanisa letu hilohilo, akasema, "Kumbe hata msomaji wetu anaongezea gunia!"

Nilijua nikisema neno moja, Nyanya ataiepuka aibu. Lakini mimi, ambaye leo hakuna mkutano unaonishinda, nikainama kufunga kamba ya gunia. Nyanya akanitazama mara moja tu.

"Ni mimi, mwanangu," akamwambia karani. "Macho yamezeeka, sioni vizuri."

Macho yale! Yaliona changarawe ndani ya maharagwe kutoka mlangoni.

Tulirudi na gunia, tukachambua ua moja moja, hakunigombeza. Lakini Jumapili Biblia akapewa mama mwingine, kwa kuwa Nyanya haoni. Naye angekanushaje maneno yake mwenyewe? Hakusoma tena mbele ya watu mpaka tulipomzika.

Sasa pareto hakuna, ni viazi na ngano tu, na kile kituo kimekuwa stoo ya mbolea. Mambo yangu nimeyatangaza kila mahali, lakini hili sijawahi kumwambia mtu. Tangu Jumapili ile, jioni Nyanya alikuwa akifunga mlango, ananisogeza karibu na koroboi, ananisomea Biblia mimi peke yangu, bila miwani, bila kukosea hata mstari.