Kifaru wa udongo aliyenikosanisha na wazazi wa PP1

Wakuu, sasa. Nimeamua kuwaletea yaliyonipata darasani, na siongezi chumvi. Wazazi mlio humu, msininunie mapema.

Mimi ni mwalimu wa PP1, yaani chekechea, hapa Lanet. Watoto wangu ni wa miaka minne, mitano, wale wanaolia wakipoteza kofia.

Mnajua vile mambo ya homework yamekuwa. Unamwambia mtoto atengeneze kitu nyumbani, anarudi na kazi ya baba, ya mjomba, au ya fundi wa mtaa. Mwenyewe hajaigusa. Na sisi walimu tunaipanga dirishani tukijua vizuri.

Muhula uliopita tulikuwa tunasoma wanyama wa porini. Tasha, msichana mmoja mpole wa darasa langu, akaja na kifaru wa mbao. Amepigwa msasa, amepakwa vanishi, anang'aa kuliko meza ya director wa shule. Nikamuuliza alimtengeneza vipi.

"Sijui, ticha. Nilikatazwa kumshika, rangi ilikuwa haijakauka."

Hiyo iliniuma, sitaficha. Nikakata shauri hapo hapo. Kuanzia siku hiyo kila kitu kitatengenezwa darasani, kwa mikono ya mtoto mwenyewe, na mimi sirekebishi.

Shemeji yangu akaniletea udongo wa mfinyanzi kutoka Njoro, maana huu wetu wa Lanet ni vumbi tupu, haushikani. Nikatandika magunia mezani, wakaanza.

Tusidanganyane, vifaru wale walikuwa wabaya. Walifanana na viazi vilivyoota pembe.

Wa Tasha ndiye alikuwa na shida zaidi. Kila pembe ikikauka inaanguka, naye analia. Mimi nimeshika mikono yangu nyuma, na wakuu, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za ualimu.

Kesho yake akachukua kijiti, akakwaruza pale pembe inapokaa, akapaka maji, akabandika. Ikashika. Alizunguka darasa lote akionyesha wenzake.

Wakati huo, kwenye group ya WhatsApp ya wazazi, moto ulikuwa umewaka. Mama Tasha ndiye alikuwa mbele. Sare zinarudi na matope, daftari halina tiki, watoto wa shule jirani wanaandika namba mpaka mia. Akasema muhula ukiisha anamhamisha Tasha.

Director akaniita ofisini.

"Mwalimu, mimi nakuelewa. Lakini wazazi wakitoa watoto, tutafundisha nani? Open day ni Ijumaa. Wakilalamika tena, hiyo meza ya matope inatoka, turudi kwa vitabu."

Nikamwambia sawa, lakini viazi vyangu ndivyo vitakaa mbele, na hakuna kitakachopakwa vanishi.

Ijumaa wazazi wakaja. Sikutoa hotuba. Niliwaomba tu wakae mezani, kila mtoto amfundishe mzazi wake kufinyanga kifaru.

Mama Tasha akakalia kile kiti kidogo, magoti karibu yafike kidevuni. Akafinyanga haraka haraka, akabandika pembe. Ikaanguka. Akabandika tena kwa nguvu, ikaanguka.

Tasha akamsukumia kijiti.

"Mum, usikasirike. Kwaruza kwanza, halafu maji kidogo. Hata yangu ilikuwa inaanguka."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna mtu. Nilijaribu tu."

Mama akachukua kile kijiti, akakwaruza, akabandika upya. Hakuniomba msamaha, na sikuutaka. Aliondoka na kifaru wake kwenye mfuko wa karatasi, matope yakiwa bado kwenye kucha.

Jumapili nikaona ujumbe wake kwenye group. Nikaufungua nikitarajia malalamiko.

"Mwalimu, huo udongo unapatikana wapi? Pembe imeng'oka tena. Tasha anasema nilikwaruza kidogo, na amekataa kunisaidia."

Meza yangu bado iko, na Tasha bado yuko.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto hafundishwi na kitu kizuri alichofanyiwa. Hufundishwa na ile pembe inayoanguka, mradi mtu mzima avumilie kumwona akihangaika. Mimi meza hiyo siitoi, hata wakija na malalamiko mengine.

Sasa ni zamu yenu. Kama una mtoto wa PP1, niambie hapa chini: ile kazi iliyo dirishani kwa mwalimu wake, ni yake au ni yako?