Filamu Tuliyoianzia Mwisho

Sijui Kihindi. Nianze na hilo, nisije nikajidai. Miaka miwili nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni pale Munje, nikiwafasiria watu filamu za Kihindi, na neno nililokuwa na hakika nalo ni "nahi", yaani hapana. Kizungu nacho kiliishia darasa la sita, tulipoachana mie na shule kwa ridhaa ya pande zote mbili.

Nilikuwa mfasiri wa kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa vibanda vitatu vya video: Ukunda, Msambweni na Munje. Tajiri wetu alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Diani. Wageni walipoacha kuja hoteli ikafungwa, naye akatoka na televisheni na deki ya video. Vibanda vyote alivipaka rangi moja ya kijani, mpaka mabenchi. Alisema mtu akiingia kimoja ajue ameingia vyote.

Lakini havikufanana. Ukunda walijaa watu wa bara, wafanyakazi wa mahoteli. Wao walitaka ngumi, na mfasiri hawamtaki. "Kaa chini buda, tunajionea," waliniambia, nikakaa. Msambweni na Munje walitaka za Kihindi, za kulia. Huko ikiadhiniwa deki inazimwa. Na watu wakianza kukumbatiana kwenye kioo, bawabu anashusha kanga mbele ya televisheni. Mie kazi yangu niendelee kusema. "Wanaulizana hali za nyumbani," nasema. Kanga ikikawia naongeza, "Kwao wako wengi."

Kwa kawaida filamu inaonyeshwa Msambweni kwanza. Mie naenda huko, namuuliza muuza duka mmoja mpenzi wa filamu hizo kisa ni nini, halafu narudi Munje kama msomi.

Sasa Munje ilikuwa haijai. Tajiri akaamua Alhamisi alasiri iwe ya akina mama peke yao. Akaniambia wazi: "Wasiporudi wiki ya pili, jenereta naipeleka Ukunda. Na wewe utatafuta pa kukaa."

Alhamisi ya kwanza walikuja, benchi zote. Tajiri alikaa nyuma kabisa. Rafiki yangu, yule anayezungusha kaseti vibandani kwa baiskeli, alileta mbili, maana za Kihindi ni ndefu, haziingii kaseti moja. Wiki ile muuza duka alikuwa safarini. Nikasema, mie mzoefu.

Nikatia ile ya ganda lililoandikwa moja. Ikaanza watu wanalia. Nikasema filamu za sasa zinaanza hivyo, hazipotezi wakati. Mzee mmoja akapigwa risasi, nikamzika vizuri. Binti yake, mwenye alama shavuni, akaolewa, nikawasomea akina mama na mahari, mali ya kichwa changu. Halafu kioo kikaandika maneno mawili makubwa ya Kizungu ambayo hata mtu wa darasa la sita anayajua. Mwisho.

Kumbe Msambweni walikuwa wamezirudisha kaseti kwenye maganda kinyume.

Nikamtazama rafiki yangu mlangoni. Akatazama nje. Nikamtazama tajiri. Yeye ananitazama mie.

"Tunaendelea na sehemu ya pili," nikasema, nikatia ile nyingine.

Akatokea marehemu, kijana, juu ya farasi.

"Huyu ni pacha wake," nikasema.

"Mbona hakuja mazikoni?" mama mmoja akauliza.

"Alikuwa mbali. Si unamuona yuko na farasi?"

Nikapumua. Mara akazaliwa mtoto mchanga, na kila mtu pale mbele akamjua kwa alama ya shavuni.

"We mwanangu," akasema mwingine, "bibi harusi ndiyo kwanza anazaliwa?"

"Huyo ni mjukuu. Amefanana."

Ndipo bibi mmoja wa benchi ya mbele, aliyeolewa Munje kutoka Wasini, akajifunga vizuri mtandio. Nilikuwa nimempa shikamoo pale mlangoni, akaniitikia marahaba kwa upole kabisa.

"Mwanangu, mie nimelea watoto wa Kihindi Mombasa mpaka wakaoa. Kihindi nakisikia. Tangu mwanzo nakusikiliza na wewe."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nilitaka kuona utafika wapi. Haya, nipishe."

Nikampisha kigoda. Akaanza kufasiri, kila neno mahali pake, marehemu akawa hai kwa haki, na akina mama wakalia kilio ambacho mie sikuwahi kukitoa kwa mtu. Tajiri naye alijifuta uso.

Alhamisi ya pili walirudi, wengine wakakaa chini kwenye mkeka. Jenereta ikabaki Munje. Bibi akabaki na kigoda. Mie nikapewa kutia mafuta kwenye jenereta, huko nje, ambako hakuna anayeniuliza maana ya kitu.

Jioni ile rafiki yangu alikuja akaegemeza baiskeli, akakaa karibu yangu. Nilijua anataka kunipa pole.

"Mie Alhamisi ile ya kwanza nilikuwa nakusikiliza pale mlangoni," akasema. "Hebu niambie, yule pacha na farasi wake, waliishia wapi?"