Mtani Wangu na Mlima wa Mikindani

Pumzi yangu naijua inapokatikia. Aliyenifundisha ni mtani wangu, mwanamke na mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa shuleni kwetu Likombe kutoka Songea. Yeye Mngoni, mimi Mmakonde, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulichambana kwa raha zetu, na kununa ilikuwa marufuku.

Kila asubuhi kabla ya kazi tulikimbia pamoja. Kipimo chetu kilikuwa maneno. "Ukiweza kumaliza sentensi, endelea," aliniambia. "Ikikatika katikati, ujue umevuka mpaka. Ukivuka mapema, mwisho huufikii." Basi tukawa tunarushiana utani njia nzima, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake. Yeye: mbio zenu nyie ni za kufukuza panya shambani. Mimi: na babu zenu walitoka kusini huko mbio, mpaka leo hamjui mlikuwa mnamkimbia nani! Kwenye tambarare jibu hilo nililimaliza vizuri. Kwenye mlima wa kutokea Mikindani lilinikatikia kwenye "kusini". Kila mara. Alicheka, akapunguza mwendo, akanisubiri. Nilimpenda kwa hilo, sifichi.

Mwaka huo mkoa ulitaka mwalimu mmoja tu wa kike wa mbio ndefu aende mashindano ya taifa. Mimi sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote maishani. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa naiota. Mchujo ulikuwa kutoka mjini hadi Mikindani na kurudi. Tukakubaliana twende sambamba, midomo tumefunga, mpaka mlima uishe, ndipo kila mtu ajitetee.

Wengine tuliwaacha mapema. Wakati wa kurudi tukaanza kupanda. Miguu yangu ilikuwa mizuri siku hiyo, pumzi iko ukingoni lakini inatosha, nikamtangulia hatua chache. Kumbe alibaki nyuma makusudi, apate pumzi ya kusema. Nikamsikia akipaza sauti, watu wa barabarani wasikie: "Jamani, mtazameni Mmakonde! Kaona panya huyo!"

Watu wakaangua kicheko. Sasa utani utauachaje bila jibu? Nikageuza shingo: "Na babu zenu walitoka kusi..." Basi. Kifua kikabana, miguu ikawa mizito, nikabaki nahema mdomo wazi. Akanipita kimya. Hata kunitazama hakunitazama.

Nafasi akaichukua yeye, mimi nikawa wa pili. Nilipofika alinikumbatia mbele za watu. "Mtani, usinune bwana. Si utani tu!" Loo! Mwanamke yule alilijua hata neno lenyewe linaponikatikia. Asubuhi zote zile nilidhani ananisubiri, kumbe ananipima.

Walimu wenzetu walikuwa wamesimama pale, wananiangalia usoni, maana mtani hanuniwi.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mpaka mwisho, na pumzi wala haikunikatikia.