Posho ya Bwana Kesho

Mtaani walimwita Magoti, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga magoti katika nyumba za watu akiwawekea vigae vya sakafu, mpaka magoti yenyewe yakaota sugu na kuanza kulia kila alipoinuka. Alikuwa fundi kweli. Kigae akishakiweka alikigonga kwa mpini wa mwiko na kusikiliza: kikilia kama debe, kina uwazi chini, anaking'oa, kikinyamaza, anaendelea. Mkewe alisema masikio yale yaliumbwa kwa vigae tu, maana akitumwa sabuni hasikii.

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: mwaka mmoja zaidi wa kupiga magoti, kisha fimbo. Kwa hiyo alipopata kazi ya nyumba ya ghorofa mbili kwa tajiri mmoja, alijiambia hiyo ndiyo ya mwisho. Malipo yake yangenunua mashine mbili za kukatia vigae, ziungane na ile moja aliyokuwa nayo. Angezikodisha kwa mafundi wenzake, naye akae kwenye kiti kama watu. Kiti chenyewe alikwisha kukichagua kwa seremala jirani, chenye mgongo mrefu.

Tajiri yule tumwite Bwana Kesho, kwa kuwa hilo ndilo neno alilokuwa akilitoa badala ya pesa. Kazi ilipokwisha, sakafu ikang'aa hata mtu akajiona uso, alisema njoo kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, miezi minane ikapita, Magoti akaenda mahakamani. Huko Bwana Kesho alidai kwamba halipi kwa sababu vigae vimewekwa vibaya, vitainuka. Hakimu, mama mmoja mpole wa miwani, alikwenda mwenyewe kwenye ile nyumba, akaomba mwiko, akagonga sakafu chumba kwa chumba huku karani akiandika. Hakikulia hata kigae kimoja. Hukumu ikasomwa: Magoti ameshinda, alipwe deni lote pamoja na gharama za kesi. Mkewe alilia kwa furaha. Nakala yenye muhuri aliitia kwenye fremu ya picha ya harusi, mbele ya picha yenyewe.

Mimi hucheka nikisikia watu wakisema fulani amepata haki yake. Ameipata wapi? Amepata karatasi. Kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili, na katikati kuna foleni.

Kwanza alitumwa dalali wa mahakama akakamate mali. Alirudi na jasho tu. Nyumba iliandikwa jina la mke, gari la shemeji, na makochi, kwa mujibu wa risiti zilizoletwa upesi ajabu, yalikuwa ya mama mkwe. Kilichobaki cha Bwana Kesho mwenyewe ni suruali aliyovaa na mswaki, na hata huo mswaki mke alitaka kuutetea. Dalali alimdai Magoti ujira wa safari na mafuta ya gari. Magoti akalipa.

"Imebaki njia moja," karani wa mahakama alimwambia, akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. "Unaweza kuomba afungwe kama mfungwa wa madai. Miezi sita, au mpaka alipe."

"Mfungeni hata leo."

"Sawa. Ila posho yake ya chakula unailipa wewe."

Magoti alidhani hakusikia vizuri. "Mimi ndiye ninayemdai."

"Ndiyo maana. Serikali haimdai kitu, kwa nini imlishe? Unaleta pesa ya mwezi mzima, kabla ya tarehe mosi."

Alipiga hesabu njiani. Tajiri aliyezoea godoro nene atavumilia siku ngapi? Wiki moja, akizidi mbili. Kukopa harusi, kulipa matanga. Acha naye ayaone matanga yake. Akatoa akiba yote iliyokuwa ndani ya nyumba, na Bwana Kesho akaingia gerezani.

"Wenzako wanafuga kuku wapate mayai," mkewe alisema. "Wewe umefuga mdaiwa."

Alicheka akisema hivyo, mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, Magoti alipouza ile mashine yake moja kulipia posho, hakucheka. Alipunguza kipimo cha unga, akamega kipande cha sabuni mara mbili.

Siku moja Magoti alikwenda gerezani kumwona mtu wake. Alimkuta ameketi kivulini, gazeti mkononi, shavu limejaa. Alitegemea kumwona amenyong'onyea.

"Shikamoo yako siitaki, Fundi, wewe ndiye mlezi wangu," Bwana Kesho alisema. "Unajua hata sukari yangu imeshuka? Hapa nalala mapema."

"Mzee, nilipe tu. Dawa ya deni ni kulipa."

"Kweli kabisa. Na wewe unalipa vizuri, hujachelewa hata siku." Kisha akaacha mzaha. "Nikikulipa wewe, fundi bomba atakuja, fundi rangi atakuja, wote wana karatasi zao. Afadhali nilale hapa. Miezi sita si mingi."

Magoti alirudi nyumbani akijua amekwisha. Alijaribu tu. Alimwendea seremala kukopa posho ya mwezi wa tatu, seremala akamtazama kwa huruma. "Nikukopeshe umlishe tajiri? Hapana, ndugu yangu." Kile kiti chenye mgongo mrefu hakikuwapo tena. Kilikuwa kimeuzwa.

"Usipolipa, tarehe mosi anaachiwa," karani alisema. "Na akishaachiwa, kwa deni hili hafungwi tena."

"Kwa hiyo deni limekufa?"

"Halijafa. Unaendelea kumdai kama kawaida."

Tarehe mosi Magoti alivaa suruali yake ya mahakamani, akaenda kwa miguu mpaka lango la gereza. Alitaka kuomba, basi. Hata kama ni kidogo kidogo, kila mwezi. Mke wa Bwana Kesho alikuwa amekuja na lile gari la shemeji. Bwana Kesho alitoka, akanyoosha mgongo, akamwona.

"Panda, Fundi. Jua kali, na magoti yako hayo."

Alipanda. Alichukia kupanda, lakini magoti yalikuwa yanawaka moto, na mazungumzo aliyoyafuata yalikuwa ndani ya gari. Njia nzima Bwana Kesho alizungumza na mkewe habari za wapangaji. Walipofika alisema ingia unywe maji, naye akaingia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya hakimu.

Sakafu ilikuwa ingali nzuri. Alitembea juu ya kazi yake taratibu, akiisikiliza kwa soli za viatu, chumba cha kwanza, cha pili. Kwenye ujia, karibu na mlango wa bafu, kigae kikalia chini ya kisigino chake. Akasimama. Akakigonga tena kile kigae. Debe tupu. Bomba lilikuwa likivuja ukutani, na fundi bomba asiyelipwa hakurudi.

"Si nilimwambia hakimu vitainuka?" Bwana Kesho alisema, akicheka.

Hapo ndipo angegeuka aende zake. Hasira alikuwa nazo, tena za kutosha. Lakini aibu ilizidi hasira: kazi ya mikono yake ilikuwa mle, na kazi hiyo ilikuwa inalia. Aliomba mwiko na ndoo. Akafunga koki ya bomba lile la chini, akashika ukuta, akashuka, goti la kulia kwanza, halafu la kushoto. Alikaa pale saa mbili, aking'oa, akikausha, akichanganya, akiweka, mpaka kigae kikanyamaza. Mwenye nyumba alikuwa amekwenda kuoga juu.

"Niandikie na hiyo," sauti ilishuka ngazini. "Tutahesabu pamoja."

Alifika nyumbani jioni. Mkewe aliona saruji kwenye magoti ya suruali ya mahakamani, na uso wake ukang'aa kama zamani.

"Umepata kazi!"

"Nimepata."

"Ashukuriwe Mungu. Wamekulipa?"

Magoti alikaa kitandani, maana kiti hakikuwapo, akaanza kufungua viatu.

"Kesho," alisema.

Mkewe aliitazama ile fremu ukutani, kisha akamtazama yeye. Hakuuliza kesho ya nani. Alinyoosha mkono apewe suruali, akaenda kuiloweka.