Nilifukia njia ya kambale kwa juhudi zangu mwenyewe, ikabidi niwaombe radhi ng'ombe

Wakuu, heshima kwenu wote, pamoja na ninyi mnaosoma kwa kujificha na simu ofisini.

Hili limenikuta mimi mwenyewe. Hakuna chai humu. Ingekuwa chai, ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye stori.

Mimi ni injinia wa mazingira, naishi Kibaoni, Ifakara. Kazi yangu ni kuwarudishia samaki njia zao na mazalia yao. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Mama mkwe anaamini nauza samaki, na nimechoka kumsahihisha.

Sasa karibu na Mofu kuna kijito chenye banio, ule ukuta wa zege unaoinua maji yaingie mashamba ya mpunga. Mvua za kwanza kambale hupanda kwenda kutaga kwenye madimbwi ya juu, wanakutana na ukuta. Wanaopita ni wachache.

Nikachora ngazi ya samaki. Vidato vya zege pembeni ya banio, maji yanashuka kidato kwa kidato, samaki anaruka juu kama mpangaji wa ghorofa. Niliiona chuoni kwenye video ya nchi za nje. Samaki wa huko wanaruka hadi raha.

Kiongozi wa wavuvi, Baba Skola, alinielewa. Akasimama mkutanoni akawaomba wenzake watoe migono, ile mitego ya kusuka, yote iliyokuwa chini ya banio, ili samaki wapande kwanza wakatage. Walinung'unika kweli. Akawaambia, "Nimeshampa injinia neno langu."

Mkutano huohuo nikajiharibia.

Nilisimama nikasema adui namba moja wa kijito hiki ni ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wa Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Wakishuka kunywa maji walipitia kando ya banio, na kwato zao zilikuwa zimechimba mfereji wa tope kutoka juu hadi chini. Masanja alikaa mstari wa mbele.

Nikaweka uzio. Nikafukia lile tope, nikaotesha majani. Nikapiga picha za kabla na baada, bosi akasema kazi safi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi na mapema niko saiti, kofia ngumu kichwani, rifleta kifuani, nasubiri samaki waruke.

Hakuna aliyeruka.

Kambale walijaa chini ya banio, weusi, wanasukumana. Ngazi hawakuitazama hata kwa adabu. Wote walikwenda pembeni, kwenye uzio wangu, wanagonga vichwa kwenye udongo niliofukia. Mmoja alitoka majini kabisa, akatambaa kwenye majani yangu, akakwama kwenye waya. Nilipomrudisha tuliangaliana kidogo.

Baba Skola akafika, akatazama, akashika kiuno.

"Injinia, kambale haruki. Kambale anatambaa. Wale wachache walikuwa wanapita hapo ulipofukia, njia ya ng'ombe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua mtu aliyesomea samaki miaka yote hiyo anajua kambale anatembeaje."

Hapo nilitamani ardhi inimeze, ila udongo wenyewe nilikuwa nimeushindilia.

Akaniambia wenzake wameshaona samaki wamerundikana sehemu moja. Wakirudisha migono, siku moja tu wanaisha, mayai tumboni. "Kesho kutwa asubuhi siwezi kuwazuia. Na neno langu halitasikilizwa tena hapa."

Nikang'oa uzio, nikashika koleo, nikachimba mfereji mchana kutwa. Maji yakaingia, udongo ukayanywa yote. Mnaolima mpunga mnajua, jaruba lisilovurugwa halishiki maji. Tope la Masanja lilikuwa limekanyagwa miaka na miaka mpaka likawa gumu kama sakafu.

Nilihitaji ng'ombe.

Jioni nikachukua bodaboda hadi kwa Masanja. Nikamwamkia shikamoo. Wakuu, tunalingana umri. Akaitikia marahaba bila kupepesa jicho.

Nikaeleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hukunitukana. Uliwatukana hawa. Waombe wao."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikasimama mbele ya zizi na rifleta yangu, dereva wa bodaboda anarekodi, nikamtazama dume moja jeusi. "Ndugu zangu, nilikosea mkutanoni. Mna mchango mkubwa katika mazingira."

Dume likanya palepale.

"Amekubali," akasema Masanja.

Asubuhi yake akashusha kundi zima. Likakanyaga mfereji kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, Masanja anapiga mbinja, mimi nyuma na fimbo naamrishwa, "Injinia, kushoto! Kushoto wewe!" Siku nzima. Kesho yake, ile kesho kutwa yenyewe, tukafungua maji. Safari hii hayakunywewa. Yakashuka, mchirizi mwembamba.

Wavuvi walikuwa wameshafika, migono mabegani.

Kambale wa kwanza akaingia, tumbo limejaa mayai, anajinyonganyonga kwenye maji yasiyomfika mgongoni. Katikati akasimama. Kisha akasukuma tena, akadumbukia upande wa juu. Wakafuata wengine, wengi, hadi mchirizi ukawa mweusi.

Mmoja baada ya mwingine wavuvi wakashusha migono chini, wakasimama kutazama. Baba Skola alikaa kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akafuta macho. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha.

Nilichojifunza: kabla hujaziba kitu, waulize wenyeji nani anapita hapo. Na mkutanoni chunga unachosema kuhusu mifugo ya watu.

Ngazi yangu ya zege bado ipo. Kina mama wanafulia nguo hapo, kila mmoja na kidato chake, na wananishukuru sana kwa kuwafikiria.

Sasa zamu yenu. Nani mwingine humu amewahi kuharibu kile hasa alichotumwa kukitengeneza? Anza wewe mkandarasi unayesoma kimyakimya.